Mwendo wa Mzee Upimwe Kama Presha

Mzee akianza kuburura miguu, goti ndilo la kwanza kulaumiwa. Hununuliwa dawa ya kuchua, hukandwa kwa maji moto yenye chumvi, na hayo yasipofaa husemwa kwamba uzee umemkaa miguuni, basi. Lakini upo mwendo mmoja ambao goti halina lawama nao, na mtu akishaujua hauchanganyi tena na maumivu ya viungo. Mwenye goti bovu huchechemea upande mmoja na hulalamika. Huyu mwingine halalamiki. Hatua zake zimefupika, miguu ameitanua kidogo kama aliyesimama ndani ya mashua, nyayo haziachani vizuri na sakafu, na akitaka kugeuka nyuma hazunguki kwa hatua tatu nne bali hukata vihatua saba, vinane, mwili wote ukienda kwa pamoja kama ubao. Mikono inapunga kama zamani. Uso una uchangamfu wake, maneno yako sawasawa. Kwa sababu hiyo ni wachache wanaofikiria kwamba shida iko kichwani.

Mara nyingi iko huko huko, katika sehemu nyeupe ya ubongo. Juu ya ubongo kuna tabaka la kijivu lenye seli zinazoamua na kukumbuka. Chini yake, ikiwa karibu nusu ya ubongo wote, ni sehemu nyeupe: nyuzi nyingi mno zinazounganisha seli za mahali pamoja na za pengine, na kuteremsha amri hadi kwenye uti wa mgongo. Weupe wake ni wa mayelini, mafuta yanayozivika nyuzi hizo. Uzi mnene uliovikwa vyema hupitisha ujumbe kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Uzi usiovikwa hauvuki mita 2. Kutembea kunaonekana kazi ya miguu, lakini kila hatua ni mazungumzo: sehemu ya mbele ya ubongo inapanga, sehemu za ndani zinatia mpigo wa hatua, ubongo mdogo wa nyuma unasawazisha, na habari za nyayo na macho zinarudi juu kueleza kama mambo yamekwenda yalivyokusudiwa. Nyuzi zikichakaa, mazungumzo hayo huchelewa, na kwa mtu anayeshuka ngazi kuchelewa kidogo kunatosha kumwangusha.

Zinachakaa kwa sababu ya damu. Sehemu nyeupe hulishwa na mishipa myembamba, mirefu, inayotoboa ubongo kutoka juu na kutoka chini. Inapoishia, kando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, haina njia nyingi za pembeni za kusaidiana. Ni shamba lililo mwisho wa mfereji: maji yakipungua kule yanakotoka, huku ndiko kunakokauka kwanza. Presha ya miaka mingi hufanya kuta za mishipa hiyo kuwa nene na ngumu, tundu likapungua, na mshipa ukashindwa kutanuka pale damu zaidi inapotakiwa. Baadaye kuta zenyewe huanza kuvuja. Kisukari na sigara huongeza ubaya huo. Nyuzi za miguu nazo hupita karibu na vyumba vya maji kuliko nyuzi za mikono na uso, na hiyo ni moja ya sababu zinazotolewa za kuona miguu ikidhoofika huku mikono ikiwa bado na nguvu zake.

Kwenye picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, uharibifu huu huonekana kama madoa meupe yanayong'aa. Mwaka 1987 Franz Fazekas na wenzake walitoa kipimo ambacho madaktari wanakitumia mpaka leo: 0 ni hakuna madoa, 1 ni vidoa vilivyotawanyika, 2 ni madoa yanayoanza kuungana, 3 ni madoa makubwa yaliyoungana. Hapa ndipo familia nyingi zinapotishika bila sababu. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Rotterdam kwa watu wa miaka 60 hadi 90, ni kama 5 tu katika kila 100 ambao hawakuwa na doa lolote. Ripoti inayotaja daraja la 1 kwa mtu wa miaka 75 haielezi kwa nini anaanguka, na haifai kuwanyima usingizi watoto wake. Daraja la 3 ni habari nyingine. Utafiti wa LADIS uliwafuatilia wazee 639 wa miaka 65 hadi 84 katika vituo 11 vya Ulaya, wote wakianza wakiwa bado wanajimudu au wana upungufu mdogo tu. Kwa mwaka mmoja, waliofariki au kuingia katika hali ya kutegemea wengine walikuwa kama 10 katika 100 kati ya wenye madoa machache, 15 kati ya wenye madoa ya wastani, na karibu 30 kati ya wenye madoa makubwa.

Hata hivyo sikubaliani na tabia ya kuikimbilia picha kwanza. Kwa mtu wa Lamu, kumpeleka mzee Mombasa kupigwa MRI ni safari ya chombo, ya barabara, ya malazi, na ya fedha ambazo huenda zilikuwa za kununua dawa za mwaka mzima. Kwa mwenye mwendo uliobadilika polepole kwa miaka, mwenye presha ya siku nyingi, asiye na dalili nyingine ya ajabu, picha itathibitisha kile ambacho mwendo umeshasema. Matibabu yatabaki yaleyale. Picha ina haki ya kutangulia pale mambo yanapokwenda kinyume na tabia ya ugonjwa huu, na hayo nitayaeleza. Kwanza mwendo wenyewe usomwe, kwa sababu unasomeka kwa macho na kwa saa ya simu.

Kinachomwangusha mtu mwenye nyuzi zilizochakaa ni mambo matatu yanayokuja kwa pamoja. Unyayo hauinuki vya kutosha, hivyo kizingiti cha sentimita tatu alichokivuka miaka arubaini sasa kinamkwaza. Akishajikwaa, ile hatua ya haraka ya kujiokoa inachelewa kutoka. Na la tatu, ambalo watu hawalitilii maanani, ni kwamba kutembea kumeacha kuwa jambo la kujiendea. Kijana hutembea huku akili iko kwingine. Huyu anatembea kwa kufikiri, na akipewa jambo la pili la kufikiria, moja kati ya mawili linaharibika. Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake nchini Sweden walichapisha uchunguzi mwepesi kabisa juu ya wakazi wa makao ya wazee: wale waliosimama kila walipoanza kuzungumza wakati wa kutembea ndio waliokuja kuanguka zaidi katika miezi iliyofuata.

Sasa hilo liwekwe katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, au Amu kwa wenyewe, saa mbili asubuhi. Hakuna mji unaomdai mtembeaji maneno mengi kama Amu. Toka Mkomani hadi Langoni, mzee anatolewa salamu na kila daka, yaani kila ukumbi wa mlangoni: aitikie, aulizwe hali, aulize za nyumbani, na katikati ya hapo punda mwenye shehena ya mawe anakuja kwa nyuma na mwenye punda anapiga ukelele wa kuomba njia. Salamu ni jambo la pili la kufikiria. Punda ni la tatu, tena linalotaka kugeuka ghafla, na kugeuka ndiko kunakowaangusha wengi wa watu hawa. Chini kuna mawe yaliyopandana na kando kuna mtaro. Mzee ambaye zamani alikuwa akiitikia huku anakwenda, na sasa lazima asimame kabisa ndipo ajibu, watu humsifu kwa adabu na utulivu. Huenda ubongo wake unamwambia asimame kwa sababu hauwezi yote mawili. Kusimama kwenyewe si kubaya, ni busara na aendelee nako. Ila mabadiliko hayo yahesabiwe kuwa ni dalili. Na punda akija, asijigeuze kumtazama: asimame palepale, aweke kiganja ukutani, amwache apite, ndipo aendelee.

Dalili nyingine inayokwenda pamoja na hii ni mkojo. Njia za ubongo zinazozuia kibofu hupita katika sehemu hiyohiyo nyeupe, hivyo mkojo huja kwa haraka na bila subira. Mtu asiyeweza kuharakisha sasa ana sababu ya kuharakisha, usiku, gizani, mara mbili au tatu. Ukitaka kujua mzee ataanguka saa ngapi, uliza anaamka saa ngapi kwenda msalani. Wengine hupata pia uzito wa fikra, kuchelewa kupanga mambo, na huzuni isiyo na chanzo. Vyote hivi vikikusanyika kwa mtu mmoja, visitibiwe kimoja kimoja kama wageni wasiojuana.

Kupima si kazi ya daktari peke yake. Njia iliyozoeleka zaidi ilitolewa na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson mwaka 1991. Unahitaji kiti chenye mikono, kikalio chake kikiwa na kimo cha sentimita 46 hivi, na alama sakafuni mita 3 mbele yake. Mzee anakaa akiwa ameegemea. Ukisema "haya", saa inaanza: anainuka, anatembea kwa mwendo wake wa kila siku mpaka alama, anageuka, anarudi, anakaa. Saa inasimama makalio yakigusa kiti. Sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari ya kuanguka. Makosa ninayoyaona yakirudiwa katika kipimo hiki ni ya kawaida sana. Mtu anasubiri mzee ainuke ndipo aanze saa, na kuinuka ndiko kulikokuwa na shida. Mtu anamhimiza, "haraka, Baba, haraka", akapata mwendo wa maonyesho badala ya mwendo wa nyumbani. Au anatumia kiti cha plastiki kinachopinda miguu, au baraza la mawe ambalo ni la chini mno. Viatu viwe vile anavyovitumia siku zote, na kama anatumia bakora aitumie. Rudia mara mbili, andika ya pili.

Kisha kirudie kipimo hichohicho huku anataja samaki. Changu, tafi, nguru, kolekole, tewa: kwa mtu wa pwani hili si swali la shule, ni jambo analolijua, kwa hiyo akikwama hakukwama kwa kutojua. Tazama kama anasimama kabisa, kama sekunde zimeongezeka sana, kama hatua zimeanza kuyumba. Tofauti kati ya mara ya kwanza na hii inaonyesha ni kiasi gani cha akili kinachotumika kuendesha miguu.

Aliye na nafasi ndogo apime mwendo wa mita 4 tu. Mzee aanze kutembea mita moja kabla ya alama ya kwanza na asisimame mpaka aipite ya pili, ili usipime kuanza wala kusimama. Sekunde 4 ni mita moja kwa sekunde, mwendo mzuri. Zikizidi 5, yuko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na hapo pana jambo la kufuatilia.

Nilisema kuna hali zinazokwenda kinyume. Kuchakaa kwa sehemu nyeupe huchukua miaka, na pengine hushuka kwa vidaraja baada ya viharusi vidogo. Mwendo ulioharibika kwa siku chache au wiki chache ni jambo jingine mpaka ithibitike vinginevyo: kiharusi, damu iliyokusanyika chini ya fuvu baada ya kujigonga wiki kadhaa nyuma, maambukizi, au chumvi ya damu iliyoshuka. Hao wapelekwe hospitali bila kungoja. Mwenye mkono unaotetemeka akiwa ametulia, au mkono mmoja ulioacha kupunga, huenda ana ugonjwa wa Parkinson, ambao una dawa zake na huitikia kuliko ugonjwa huu unavyoitikia dawa hizohizo. Mwenye mwendo wa nyayo zilizogandiana na sakafu, mkojo usiozuilika na usahaulifu vilivyoanza kwa karibu pamoja, huenda maji ya ubongo yamezidi katika vyumba vyake. Huyo anastahili picha kweli, kwa sababu wako wanaosaidiwa kwa upasuaji wa kuweka mrija wa kuyapunguza. Na mgonjwa wa sukari aliyetumia metformini kwa miaka, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi na huyumba zaidi akifumba macho kuosha uso, apimwe vitamini B12. Metformini huipunguza, na upungufu huo huharibu njia za fahamu za miguu. Ni kipimo rahisi na tiba yake ni rahisi. Kuukosa ni kosa ambalo halina udhuru.

Halafu dawa. Mfuko wa dawa wa mzee umwagwe wote mezani. Diazepamu ya kulalia, amitriptilini ya huzuni au maumivu ya mishipa ya fahamu, dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, dawa za tezi dume zinazolegeza mishipa, dawa za presha zinazotoa maji: kila moja inaweza kumwangusha mtu ambaye nyuzi zake tayari zinachelewa. Mara nyingi utakuta dawa mbili za kazi moja, kila moja imeandikwa mahali tofauti.

Presha yenyewe ndiyo kiini, na hapa nataka kusema kwa uangalifu, kwa sababu tumaini la uongo huwafanya watu waache dawa. Utafiti wa SPRINT MIND uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha picha za watu 449. Kwa muda wa karibu miaka 4, waliolengwa namba ya juu ya presha isizidi 120 waliongezekewa na madoa ya ukubwa wa sentimita za ujazo 0.92, waliolengwa 140 waliongezekewa 1.45. Uharibifu ulipungua kasi. Mwaka huohuo utafiti wa INFINITY, uliowachukua watu 199 wa miaka 75 na kuendelea ambao tayari walikuwa na madoa, ulionyesha vilevile kwamba madoa hukua polepole zaidi presha ikidhibitiwa kwa ukali, ila kwa miaka 3 mwendo wao haukutofautiana. Maana yake ni kwamba dawa ya presha hairudishi mwendo uliopotea. Inalinda nyuzi zilizobaki, na manufaa yake makubwa ni kwa mtu wa miaka 50 ambaye bado anakimbilia mashua. Anayeacha vidonge kwa sababu "sioni nafuu" amevihukumu kwa kazi ambayo si yao.

Upande wa pili, presha inayoporomoka mtu akisimama ni hatari kwa wazee hawa kuliko kwa wengine, kwa kuwa mishipa migumu haiwezi kufidia. Mzee alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, mpango wa dawa uangaliwe upya na aliyeuandika. Kipimo hiki kinarukwa karibu kila mahali kwa sababu kinachukua muda. Ramadhani kina umuhimu zaidi: mtu amemeza dawa ya kutoa maji wakati wa daku, joto la kaskazi, hakuna maji mpaka magharibi, halafu anasimama ghafla kwenda kuswali alasiri. Suala la saa za dawa liletwe kliniki mwezi wa Shaabani, kabla ya mwezi kuandama.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi katika namna tunavyowatunza wazee wetu. Mara tu baada ya kuanguka mara ya kwanza, nyumba nzima inaungana kumkalisha. "Mama, kaa kitako, n'takuletea." Chai inaletwa, maji ya udhu yanaletwa, msala unaletwa, na kwa nia ya upendo kabisa anaondolewa kila sababu ya kuinuka. Misuli ya mapaja ya mtu mzee hupungua upesi akikaa, na hofu ya kuanguka humfanya afupishe hatua zaidi. Baada ya miezi michache mwenye hatari ya wastani amekuwa mwenye hatari kubwa, na watoto wanasema wameona sawa kumzuia.

Ushahidi unakwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2019 Catherine Sherrington na wenzake walikusanya majaribio 108 yenye watu 23,407 wanaoishi majumbani kwao: mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23, na yale yaliyochanganya usawa wa mwili na nguvu za misuli yalipunguza kwa asilimia 34 hivi. Kutembea peke yake hakutoshi kuleta matokeo hayo. Mazoezi ya mikono mtu akiwa amekaa hayatoshi pia. Lazima usawa wa mwili ujaribiwe, yaani mtu afikie pale anapoyumba kidogo huku akiwa salama. Kuna hata utafiti mdogo wa Vancouver, kwa wanawake wa miaka 65 hadi 75, ulioona kwamba mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja yalipunguza kasi ya madoa yenyewe, na waliofaidika hivyo ndio waliohifadhi kasi ya mwendo.

Nyumbani mpango ni huu. Kuinuka kitini na kukaa bila kujisukuma kwa mikono: mara 5 mwanzoni, kisha mara 10, kisha duru mbili za 10. Kusimama akishika ukingo wa meza na kuinua visigino: mara 10, duru mbili. Kusimama kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine kwa sekunde 10, kwanza akishika, baadaye kidole kimoja tu kikigusa meza, mwishowe bila kugusa. Kwenda kombo kandokando ya ukuta hatua 10 huku na 10 huku. Kuvuka ufito uliolazwa sakafuni. Kutembea kwa kuzunguka viti viwili kwa umbo la namba 8, polepole, ili kugeuka kujifunzwe upya kwa duara pana. Duru mbili za 10 zikiwa nyepesi, fungia kifundo cha mguu kimfuko cha mchanga cha kilo 1 kwa zoezi la kunyoosha goti akiwa kitini. Siku tatu kwa wiki, nusu saa au zaidi. Waliofikisha saa tatu kwa wiki hufaidika zaidi. Anayesimamia asimame upande na nyuma kidogo ya mzee, mkono karibu na kiuno. Akimvuta kwa kumshika mkono, anampotezea usawa wake mwenyewe.

Swala ina nafasi ya pekee hapa. Faradhi tano ni rakaa 17 kwa siku, na anayeswali kwa kusimama na kusujudu huinuka kutoka chini mara 17, ukihesabu na kule kuinuka kuuacha msala swala ikiisha. Kwa wazee wengi hayo ndiyo mazoezi pekee ya mapaja waliyobaki nayo. Ruhusa ya kuswali kitini ipo kwa mwenye udhuru, na si kazi yangu kumhukumia mtu udhuru wake. Ninachosema ni kwamba kiti kisiletwe na wajukuu siku ya kwanza anapopepesuka. Aletewe kigoda kizito pembeni mwa msala, akiegemee kwa kiganja anapoinuka. Kutawadha ndiko kwenye hatari: kusimama kwa mguu mmoja, sakafu imelowa, mkono mmoja unaosha unyayo. Akae anapoosha miguu. Na mtalawanda utoke chooni kabisa. Mbao iliyolowa juu ya sakafu laini, ikishikiliwa kwa vidole viwili vya mguu usioinuka vizuri, haina utetezi. Ndara zilizolegea nazo ni hivyohivyo. Avae kiatu chenye mshipi wa nyuma.

Nyumba zetu za mawe zina ngazi nyembamba, za mwinuko mkali, vidato visivyolingana, na mara nyingi hakuna pa kushika. Wekeni mti wa kushikia pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 kutoka ukingo wa kidato, uachane na ukuta kwa sentimita 5 ili vidole vipite, na uendelee sentimita 30 baada ya kidato cha mwisho. Kidato cha mwisho ndicho watu hukikosa, wakidhani wameshafika chini. Fundi aonywe juu ya ukuta. Lipu ya chokaa ni laini, na parafujo fupi hushika lipu tu: mti utaonekana imara mpaka siku mtu mzima atakapouangukia kwa uzito wote, ukang'oka nao. Tundu litobolewe hadi ndani ya jiwe la tumbawe, lijazwe saruji, na fundi mwenyewe aning'inie kabla ya kulipwa. Ukingo wa kidato cha kwanza na cha mwisho, pamoja na vizingiti, vipakwe mstari mweupe wa sentimita 5. Taa ndogo ya sola iwashwe usiku kucha njiani kutoka kitandani hadi msalani. Kitanda cha samadari ni fahari ya nyumba, lakini miguu ya anayekaa ukingoni ikiwa haigusi sakafu, alale kitanda kingine.

Bakora nazo nyingi zinachongwa kwa uzuri, si kwa kimo. Mzee asimame wima amevaa viatu vyake, mikono imening'inia: kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu hunyanyua bega na kumsukuma nyuma. Chini iwe na mpira, nao ubadilishwe mifereji yake ikifutika. Kigari cha kutembelea chenye magurudumu, anacholetewa na mtoto aliye ng'ambo, hufaa ndani ya nyumba na kwenye sakafu sawa; katika vichochoro vyetu huishia mtaroni. Na safari ya chombo ipangwe kwa maji. Yakijaa, mashua iko karibu usawa na gati. Yakitoka, anashushwa kwenye ngazi zenye utelezi wa kijani, na hapo hata kijana hushika kamba.

Kinachobaki ni zahanati na kliniki za presha. Mgonjwa huja kila mwezi au kila miezi mitatu, huketi, hufungwa mkanda mkononi, namba mbili huandikwa kwenye kadi, huondoka na vidonge. Ametembea kutoka mlangoni mpaka mezani na hakuna aliyemtazama. Mistari miwili ya rangi sakafuni, mita 4 kutoka mmoja hadi mwingine, na simu ya muuguzi, vinatosha. Kazi nzima haifiki dakika moja, na namba ya tatu inaandikwa kando ya zile mbili. Aliyetumia sekunde 4 mwezi wa Rajabu na akatumia 6 mwezi wa Muharram hajaanguka bado, na hana maumivu ya kumfanya aseme neno. Huyo asipewe vidonge vilevile akaambiwa aje tena. Aingizwe ndani, alazwe dakika 5, presha ipimwe tena akiwa amesimama, na aliyemleta aulizwe ngazi ya nyumbani ina vidato vingapi na vinashikwa wapi.